Aliyelala Nyuma ya Pazia

Kaeni. Pazia halifunguliwi bado. Najua saa yenyewe imefika, na najua wapo wanaochungulia saa za mikononi wakidhani siwaoni. Yupo na mama mmoja pale karibu na nguzo ambaye ameacha dengu jikoni. Ziungue. Leo Thakorji, Mungu wetu aliye humo ndani, atasubiri kidogo, na nyinyi mtasubiri pamoja naye.

Nitasema Kiswahili. Wazee wangu msinune. Wajukuu zenu Kigujarati wanakijua cha kuombea chakula tu, na leo tunao hapa wenzetu waliotoka mbali, wamekuja kuuliza ni kitu gani hasa hiki tunachokiita bhakti. Mmoja wao alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia, "Panditji, mimi siku zote nilidhani yoga ni kukunja miguu na kuvuta pumzi." Nikamwambia kukunja miguu si vibaya, ila magoti yangu mimi yalishakataa. Yoga ni kuunganika na Mungu, na njia za kumfikia si moja. Yupo anayekwenda kwa kutafakari mpaka kichwa kinauma. Yupo anayekwenda kwa kufanya kazi yake vizuri bila kudai sifa. Na yupo anayekwenda kwa kupenda tu. Anampenda Mungu kama mtu anavyompenda mtoto wa nyumbani kwake: asubuhi anamwamsha, anamwogesha, anamvisha, anamlisha, na jioni anamlaza. Hiyo ya kupenda ndiyo bhakti. Ndiyo kazi tunayoifanya humu ndani kila siku kwa murti, sanamu yetu takatifu iliyo nyuma ya pazia hili.

Mnaona ni rahisi, sivyo? Kuvisha na kulisha, nani asiyeweza? Haya, sikilizeni.

Kila alfajiri, kabla sijaufungua mlango wa Thakorji, huwa napiga makofi. Mepesi. Waliowahi kufika mapema wameniona, nao ni wachache, nawajua kwa majina. Kwa nini napiga makofi? Kwa sababu mtu aliyelala haingiliwi ghafla. Mtoto ukimwamsha kwa kishindo atakulilia mpaka jioni. Ukipiga makofi mepesi nje ya mlango anajigeuza, anajinyoosha, anafumbua macho, ndipo unaingia. Makofi yale ni adabu ya anayeamsha kwa anayeamshwa. Lishikeni hilo, kwa maana hadithi yangu yote imesimama juu yake.

Basi, alikuwepo fundi cherehani mmoja katika mji fulani wa milimani. Mji wa baridi, ule wa ukungu unaoingia dukani bila hodi na kukaa kwenye kiti cha mteja. Watu wetu kule walikuwa familia chache, na mandir yao, nyumba yao ya ibada, ilikuwa chumba kimoja tu uani kwa huyo fundi, chumba chenye mlango wa mbao, na ndani yake pazia, na nyuma ya pazia Thakorji, mdogo, urefu wa kiganja na nusu. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya fundi, kumhudumia kukawa kazi ya fundi.

Na alikuwa akihudumia kweli. Mchana alishona sare za shule na kanzu na magauni ya harusi, na vipande vilivyobaki, vile vizuri vizuri, aliviweka kando. Jioni akavaa subana yake, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi huvaa kidoleni ili sindano isiwachome, akaketi kumshonea Thakorji nguo za kuenea kiganjani. Ile subana aliivaa miaka hata ikachukua umbo la kidole chake, na ilikuwa imebonyea upande mmoja, mahali sindano ilipozoea kusukumwa. Ungeiona sokoni katikati ya subana mia ungesema, hii ni ya yule fundi. Na kwa sababu ya baridi ya kule, alimshonea Thakorji shali ndogo ya sufu kwa ajili ya kulalia. Kila jioni alimpashia maziwa, akambadilisha nguo, akamlaza kwenye kitanda chake kidogo, akamfunika ile shali mpaka shingoni, akashusha chandarua, akaweka gilasi ya maji pembeni, akavuta pazia, akafunga mlango. Alfajiri, makofi, na siku inaanza.

Alimpenda. Nataka mlijue hilo kabla hamjaanza kumhukumu, maana nawajua mlivyo wepesi. Alikuwa akishona huku anazungumza naye habari za wateja. Alikuwa akimwambia, "Mama yule kanenepa, anasema mimi ndiye niliyebana nguo." Alikuwa akicheka peke yake mle chumbani, na mke wake jikoni akimsikia alikuwa akicheka pia.

Kisha mji ukaanza kufa, kama miji mingine ilivyokufa. Familia moja ikahamia pwani, nyingine ikavuka mpaka, nyingine ikaenda ng'ambo kabisa. Mwisho akabaki fundi na mkewe. Kaka yake aliyekuwa jiji kubwa akampelekea habari: njoo, kuna duka, kuna chumba, lori la rafiki yangu linapita huko, litawachukua.

Lori lile likawakuta hawajajiandaa. Jioni ya mwisho kila kitu kilikuwa shaghalabaghala, magodoro yamefungwa kamba, masufuria yako ndani ya magunia. Fundi alimlaza Thakorji harakaharaka. Alimfunika shali, akavuta pazia, akafunga. Baadaye akagundua kwamba subana yake haipo kidoleni. Aliitafuta dukani, jikoni, ndani ya magunia, mpaka mkewe akamkaripia kwamba subana zinauzwa kila mahali.

Lori likafika kabla hakujapambazuka, dereva akaegesha mlangoni na kuanza kupiga honi. Sasa fundi akasimama uani, mbele ya ule mlango wa mbao, hajui la kufanya. Saa ya kumwamsha Thakorji haikuwa imefika. Kumwamsha kabla ya saa yake ni kukosa adabu. Kumpakia kwenye lori katikati ya magodoro na masufuria ni kukosa adabu zaidi. Mungu anasafirishwa kwa siku iliyoaguliwa, kwa gari safi, na nyimbo. Hamngefikiri hivyohivyo? Mimi ningefikiri hivyohivyo.

Ng'ambo ya ua aliishi jirani yao, mama mmoja Mwislamu, mpika vitumbua. Alikuwa ameshaamka kwa kazi yake. Fundi akamwendea, akampa ufunguo.

"Jirani," akasema, "amelala. Usifungue, na usiache watoto wampigie kelele. Wiki hii hii nitarudi kumchukua kwa heshima yake."

"Nimekusikia, fundi," yule mama akasema. "Nenda kwa amani. Hataamshwa na mtu."

Lori likaondoka. Mungu akabaki amelala, mlango umefungwa, na hakuna aliyepiga makofi asubuhi ile.

Kwa heshima yake. Mmelisikia neno hilo? Maana fundi hakuacha kwa dharau, aliacha kwa heshima. Wiki ile akaenda kwa msomaji wa kalenda kuuliza siku njema ya kumhamisha Thakorji, akaambiwa nyota hazijakaa vizuri, ngoja mwezi uandame. Mwezi ukaandama, mvua ikakata barabara ya mlimani. Barabara ikatengenezwa, msimu wa harusi ukaingia, na fundi huyu mgeni alikuwa ameshajulikana jiji zima. Kila alipokumbuka alisema, nitakwenda, lakini si hivihivi, nitakwenda inavyostahili. Na miaka ikapita huku anasubiri inavyostahili.

Sasa sogezeni watoto karibu, maana hapa pana baridi kidogo.

Asubuhi ya kwanza katika jiji lile, kabla hakujapambazuka, fundi aliamshwa na makofi. Mepesi, nje ya mlango wa chumba. Akadhani ni kaka yake. Akainuka akafungua. Ukumbini hapakuwa na mtu.

Asubuhi ya pili, makofi. Na ya tatu. Akamtikisa mkewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Makofi. Hapo mlangoni."

"Ni mtu anafukuza paka," mkewe akasema, akajifunika.

Wakahama nyumba ya kaka yake, wakapata yao. Makofi yakahama nao. Wakahamia ghorofa ya juu, mahali ambapo hakuna paka wala jirani, na mlango wa nje una komeo la chuma na mlinzi chini. Alfajiri, makofi. Hayakuwa ya nguvu. Kama yangekuwa ya nguvu, ya hasira, angeyazoea kama mtu anavyoizoea kelele ya kinu. Yalikuwa ya polepole, ya mtu mwenye subira, na yalikuwa yanaacha nafasi katikati, kama anayesikiliza kwanza kama ameitikiwa. Fundi alijifunza kulala kifudifudi na mto kichwani, na hata hivyo aliyasikia.

Na likaja jambo lingine, pole pole sana hata hakujua lilianza lini. Aliacha kuhisi. Chakula alikula, utamu wake aliukumbuka tu. Harusi ya binti yake alisimamia vizuri, watu wakamsifu, naye alikuwa anatazama kama anayepita njiani. Mandir kubwa ya jiji alikwenda, sadaka alitoa, jina lake likachongwa ukutani, na mbele ya murti ya marumaru alikuwa akifikiria vifungo. Wakati wa aarti, ibada ya taa, mikono yake ilikuwa ikizunguka na taa, na yeye hayupo. Mkewe akaugua, akafa. Fundi akakaa jikoni, kwenye kiti cha mkewe, akasubiri kulia. Alisubiri mpaka wageni wakaondoka. Machozi hayakuja. Alichokisikia ni makofi, alfajiri, nje ya mlango.

Siku ile ndipo alipoogopa kweli. Alijiona atakufa hivyo, hakuna kitu ndani, akipigiwa makofi na asiyeonekana.

Akaenda kwa pandit mmoja, kuhani kama mimi. Si mimi, msinitazame. Akamweleza yote. Yule pandit akakunja uso.

"Ulimfungia Mungu ndani," akasema. "Ulimlaza hukumwamsha. Amekasirika, anagonga anataka kutoka, na ameanza kukunyang'anya kimoja kimoja. Murti isiyohudumiwa haiachwi hivyo. Nenda kaombe radhi, umfunge kwa kitambaa chekundu, ukamzamishe kwenye mto unaotiririka. Ndipo utapumzika."

Tazameni sasa safari aliyoifunga yule mtu. Aliyekuwa akimshonea shali ya sufu alinunua kikapu na kitambaa chekundu, akapanda basi kwenda kumzamisha. Hakwenda kwa chuki. Alikwenda kwa woga, na woga huwa unajua kuvaa nguo za ibada zikaukaa vizuri sana.

Alifika jioni. Mji ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka, na ukungu ulikuwa uleule. Jirani yake alikuwa hai, amezeeka, bado anapika vitumbua. Alimtambua kabla hajasema jina.

"Fundi. Wiki yako imekuwa ndefu."

"Nisamehe, jirani."

"Mimi huna la kuniomba. Ufunguo huu hapa, haujaingia kwenye kufuli tangu ulipoondoka." Akautoa shingoni, ulikuwa kwenye uzi. Kisha akapunguza sauti, kama watu wanavyofanya nyumba yenye mgonjwa. "Ila nikuulize jambo, na usinifiche. Mlimwacha nani humo ndani?"

Fundi akautia ufunguo mfukoni. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu uliniambia amelala, nami nikachunga. Wanangu wote wamekua wakipita hapa uani kwa ncha za vidole. Wajukuu vilevile. Lakini kila alfajiri, nikiwa nakoroga unga, nasikia mtu mle ndani anapiga makofi."

"Anagonga anataka kutoka," fundi akasema.

Yule mama akamtazama. "Hapana, fundi. Anayetaka kutoka anagonga mlango. Nimelea watoto saba, ninajua. Huyu hagusi mlango. Anapiga makofi kidogo, ananyamaza, anapiga tena. Ni kama mtu anayeamsha mtoto na hataki kumshtua."

Fundi hakula vizuri, akalala kwenye kitanda alichotandikiwa, kikapu chake kipo chini ya miguu.

Alfajiri alikuwa uani. Ukungu ulikuwa mzito, taa ya jirani jikoni ilionekana kwa shida. Mlango wa mbao ulikuwa umeota kuvu. Akaweka kikapu chini, akaingiza ufunguo, kufuli likakubali. Na kabla hajausukuma mlango, mikono yake ikakumbuka yenyewe. Aliinua viganja apige makofi, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Kabla viganja havijakutana, makofi yakapigwa.

Ndani. Hatua chache tu mbele yake, upande wa pili wa mbao. Mepesi, polepole, na nafasi katikati. Yalikuwa yaleyale ya ukumbini kwa kaka yake, yaleyale ya ghorofani, yaleyale ya alfajiri ile jikoni kwenye kiti cha mkewe.

Angekimbia. Nyinyi mngekimbia, mimi ningekuwa nimeshafika stendi. Lakini alikuwa mzee, amechoka, na alikuwa amekuja kumaliza. Akausukuma mlango.

Sakafuni vumbi lilikuwa limetanda, halikuwa na alama ya mguu wa mtu, wala wa panya. Utando wa buibui ulining'inia kutoka darini mpaka usawa wa bega lake. Hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa limevutwa, kama alivyoliacha. Akalishika. Kitambaa kilikuwa kikavu na safi, kama kilichofuliwa juzi. Akalifungua.

Ndugu zangu, nyuma ya pazia hapakuwa na vumbi.

Thakorji hakuwa amelala. Alikuwa amesimama kichwani pa kitanda, wima, hana shali, yuko na vazi jembamba tu katika baridi ile, uso wake umeinama kidogo kutazama kitandani. Na kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chandarua kilikuwa kimeshushwa na kuchomekwa pembe zote vizuri. Pembeni palikuwa na gilasi ya maji, imejaa mpaka juu, maji maangavu. Shali ya sufu ilikuwa kitandani. Ilikuwa imemfunika aliyelala, mpaka shingoni.

Kulikuwa na aliyelala. Fundi aliinua chandarua, akainama.

Juu ya mto, pale kichwa kinapolala, palikuwa na subana. Imebonyea upande mmoja. Yake.

Jirani nje akaingiwa na wasiwasi, akaja mpaka kizingitini, hakuvuka.

"Fundi? Umemkuta nani?"

Akaichukua ile subana. Ilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka kuvuliwa kidoleni sasa hivi. Akaivaa, ikamwenea.

"Jirani," akasema, "aliyekuwa amelala ni mimi."

Kisha akalia. Alimlilia mke wake, pale sakafuni kwenye vumbi, kwa machozi yote aliyoyasubiri jikoni. Aliililia harusi ya binti yake, akalililia duka, akaulilia mji. Alipomaliza aliinuka, akaichukua shali, akamrudishia Thakorji mabegani, akaona kwamba kile kitambaa chekundu kwenye kikapu ni kitambaa kizuri tu, kinatosha kanzu mbili za kuenea kiganjani. Mtoni hakwenda. Wiki haikuisha, cherehani ikasikika tena uani, na wajukuu wa yule mama wakaambiwa kwamba sasa wanaweza kukimbia.

Haya. Mmenyamaza. Hata mama wa dengu amezisahau.

Sisi tukija humu huwa tunasema namna gani? Tunasema, mimi ndiye ninayemtunza Thakorji. Mimi namwogesha, mimi namlisha, ile nguo ya dhahabu ni familia yetu iliyotoa. Tunagombania hata kushika taa ya aarti, na hapa kwenye kamati wapo wawili hawasalimiani kwa sababu hiyo, nao wameketi safu moja. Na tunapoacha, tunaacha kwa unyenyekevu mkubwa. Sijajiandaa. Sistahili bado. Ngoja watoto wamalize shule, ngoja nihamie nyumba yenye chumba cha kumweka vizuri. Kwa heshima yake. Tunavuta pazia, tunampa jirani ufunguo, na tunaondoka tukidhani tumemwacha Mungu amelala.

Kumbe nani alilala?

Yule fundi alisikia makofi akadhani anadaiwa. Pandit wake alisikia habari za makofi akadhani ni hasira. Mtu aliyeelewa ni mama aliyelea watoto, kwa sababu aliusikiliza upole uliokuwemo. Fundi alifunga mlango akaondoka kwa miaka yote ile, na usiku uleule wa kwanza Mungu aliinuka kitandani akampisha. Akamtandikia. Akajivua shali yake katika baridi akamfunika. Akamwekea maji. Kila alichofanyiwa na yule mtu kwa upendo, alikigeuza akamfanyia yeye, na kila alfajiri akamwendea, popote alipohamia, akasimama nje ya mlango akamwamsha kwa adabu. Hakumshtua hata siku moja. Je, ni nani kati yenu amewahi kusubiriwa hivyo na mtu yeyote?

Basi mnaouliza bhakti ni nini, mimi siwezi kuwapa zaidi ya hapo. Mnadhani ni mapenzi yetu kwa Mungu. Hayo ni ile nusu ndogo, ya kupasha maziwa na kushona vinguo. Nusu nyingine iko nyuma ya pazia, nayo haina mwanzo wala haichoki. Baadhi yetu hapa chakula hakina ladha siku nyingi, tunasimamia harusi za watoto wetu kama wapita njia, na alfajiri tunasikia kitu, tunageuka ukutani tunasema ni paka.

Sasa simameni. Nakwenda mlangoni pake, nitapiga makofi kama kila siku. Zimeni simu, shikeni watoto, na mnyamaze nikishapiga, msikilize vizuri.

Mkisikia yamejibiwa, msitazamane kuulizana ni nani. Amkeni tu.